Boti Kuukuu: Ichunguze Kabla ya Kulipa

Jamaa wa Kitale au Bungoma akikuagiza umtafutie boti kuukuu huku pwani akafanyie kazi Ziwa Victoria, usidanganyike na rangi mpya. Ipandishe nchi kavu, ugonge ubao wa tezini unaobeba mashine: ukitoa sauti nzito, huenda umeoza ndani. Tazama oili ya gia: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Ishushe majini, uwashe mashine; maji ya kupoza yasipotoka, huenda chumvi imeziba njia zake. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani: maji yakijaa humo, boti yavuja. Linganisha nambari ya mashine na karatasi, uulize cheti cha KMA. Lori likishafika Bungoma, muuzaji humpati tena, na watakaozama ni abiria.