Mbao za Bunduki ya 1916

Useremala niliuanzia Mombasa kwa baba yangu. Leo karakana yangu iko Birmingham, Uingereza, si mbali na Small Heath. Huko ndiko kampuni ya BSA ilikokuwa ikitengeneza bunduki za Lee-Enfield wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka jana mkusanyaji mmoja wa vitu vya kale aliniletea mbao za bunduki ya 1916. Chuma alikiacha kwake. Nilipokea kitako na mbao ya mbele tu, za mti wa mjozi, nyeusi kwa mafuta na jasho la miaka mia, na mbao ya mbele ilikuwa na ufa upande wa nyuma.

Chanzo cha ufa nilikijua kabla hajanieleza. Kitako cha bunduki hii hushikwa na bolti ndefu inayopita ndani yake, na ncha ya bolti, yenye umbo la mraba, huingia kwenye kibati kilichomo katika mbao ya mbele. Ukiizungusha bolti kabla ya kutoa mbao ya mbele, unaipasua mbao hiyo. Basi mbao ya mbele hutoka kwanza, kitako baadaye. Ufa niliupenyezea gundi, nikaukaza kwa kijiti chembamba cha mjozi.

Msasa sikuugusa. Hapa ndipo mafundi hodari wanapoharibu kazi, kwa kuwa sisi tuliolelewa kwenye milango na vitanda tumefundishwa kwamba kazi safi ni ile iliyopigwa msasa ikateleza. Mbao hizi zina mihuri midogo ya wakaguzi, na herufi ya kipimo cha kitako: S kwa kifupi, L kwa kirefu, maana askari hawakuwa wa kimo kimoja. Ukikwangua kidogo tu, vyote vimekwenda, na hakuna fundi wa kuvirudisha. Tena mbao hupungua, lile bamba la shaba la kitako likabaki limechomoza kando yake.

Uchafu niliutoa kwa unga wa chaki uliokorogwa na spiriti: nilipaka, nikaacha ukauke unyonye mafuta, nikapangusa, nikarudia mara nne. Palipobonyea niliweka kitambaa kibichi na kupitisha pasi ya moto. Mvuke huvimbisha nyuzi zilizogandamizwa, zikainuka. Zilizokatwa haziinuki. Kuna mkato mmoja mrefu ubavuni, nikauacha. Babu yangu alikuwa askari wa KAR (King's African Rifles), alikwenda Burma 1944 na Lee-Enfield begani. Siwezi kufuta alama za mtu aliyebeba mzigo kama ule.

Vanishi haifai hapa. Jeshi la Uingereza lilitumia mafuta ghafi ya kitani, nami nikayatumia hayo: matone machache kiganjani, unasugua hadi kiganja kipate moto, unapangusa yaliyobaki, unaacha siku kadhaa, unarudia. Ilinichukua wiki sita. Vitambaa vyenye mafuta haya usivikunje ukavitupa kwenye pipa, kwani hujipasha moto vyenyewe hadi vikawaka. Vitandaze nje vikauke, au vitie kwenye ndoo ya maji.

Mwenyewe alipokuja, mihuri yote ilisomeka. Nawe ukiachiwa mbao ya kale yenye alama, iwe ya bunduki au ya kasha la bibi, tafadhali anza kwa kitambaa na subira. Msasa uache kabatini.