Nchi Ndogo Ndani ya Daftari

Wanafunzi wenzangu wengi wameniuliza ni jambo gani lile tunalolifanya bwaloni kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, mmoja ameshika daftari na wengine wanapiga kelele, "Kaskazini!" na "Chukua tochi!" Wako waliodhani tumepungukiwa na akili. Kwa kuwa nimepewa nafasi katika gazeti letu la muhula huu, yafaa nieleze habari yenyewe tangu mwanzo, ili apendaye apate kujaribu.

Asili ya mambo ni mchezo wa kompyuta uitwao Colossal Cave Adventure, ambao mwalimu wetu wa hesabu alituonyesha tulipokuwa Kidato cha Tatu. Mchezo huu hauna picha hata moja. Kompyuta huandika maneno ya kukueleza mahali uliposimama na vitu unavyoviona, kisha hungoja uiambie neno moja au mawili tu, kama vile kwenda mashariki au kuchukua taa. Ukiisha kuiambia, inakupeleka mahali pengine. Maneno yake ni ya Kiingereza, lakini baada ya saa moja nilisahau kwamba nasoma. Niliona kama natembea.

Aliyeutunga ni Will Crowther wa Marekani, fundi wa programu za kompyuta, ambaye pia alipenda sana kuingia mapangoni. Aliutunga katikati ya miaka ya 1970 ili awafurahishe binti zake wawili. Pango lililomo si la kubuni lote. Sehemu kubwa yake imefuata mapango ya Mammoth Cave huko Kentucky, ambayo ndiyo marefu kuliko yote yajulikanayo duniani, maana njia zake zilizokwisha pimwa zinapita kilomita 600. Crowther alikuwa amepita humo kwa miguu yake na kusaidia kuchora ramani.

Baadaye Don Woods, aliyekuwa akisoma katika Chuo Kikuu cha Stanford, aliukuta mchezo ule, akaupenda, akamwandikia Crowther kumwomba ruhusa ya kuuendeleza. Crowther akakubali. Mwaka 1977 Woods akautoa tena ukiwa na vyumba vingi zaidi, hazina zaidi na mafumbo zaidi. Nawaomba wasomaji waikumbuke habari hii ya kuomba ruhusa, maana nitairudia.

Basi nikawaza, ikiwa bwana yule aliweza kutia pango lake ndani ya mchezo, kwa nini mimi nisitie Tarime? Lakini kompyuta za shule ni chache na wanaozihitaji ni wengi. Nikaanza na daftari la kurasa 96. Na kazi yenyewe ni hii.

Kwanza ni ramani. Chagua mahali unapopajua kwa kutembea, si kwa kusimuliwa. Kila mahali chora duara, ulipe namba, kisha unganisha maduara kwa mistari. Mimi nilichagua mahali 14, kuanzia stendi ya mabasi ya Tarime, kupitia shamba la kahawa la babu, kilima cha mawe makubwa na njia ya Nyamongo, hata ukingo wa Mto Mara.

Pili ni maelezo. Kila mahali pana ukurasa wake, na maelezo yasizidi mistari minne. Ukurasa wangu wa 5 unasema hivi: "Umesimama katika shamba la kahawa. Matunda yameiva. Bondeni unasikia maji." Chini yake zimeandikwa njia: kaskazini nenda 4, kusini nenda 6. Mchezaji haoni daftari. Anayelishika ndiye kompyuta, naye husoma kilichoandikwa tu, wala haongezi neno lake.

Tatu ni vitu. Tochi iko ukurasa wa 2, kamba iko ukurasa wa 7. Msafiri akichukua kitu, kiandike katika orodha yake na kukifuta mahali kilipokuwa. Kosa la kusahau kufuta lilituletea tochi tatu kwa siku moja.

Nne ni mafumbo. Katika mchezo wa Crowther na Woods nyoka mkali amefunga njia, na wa kumfukuza ni ndege mdogo uliyemchukua mbele ya hapo. Sikutaka kuiga kila kitu. Kwetu yuko ndege aongozaye watu kwenye asali, nami nikamweka huyo. Anayemsikiliza na kumfuata anapata asali, na kwa asali anapewa tochi yenye betri mpya na mzee wa kilimani. Anayempuuza atafika kwenye pango la mawe gizani, na huko hafiki mbali.

Sasa nieleze kosa langu, ambalo ndilo lililonifundisha kuliko yote. Ramani yangu ilikoma mtoni. Anayeingia majini alikamatwa na mamba, na hilo ni haki, maana Mto Mara una mamba kweli. Lakini aliyefika darajani na kusema "Vuka" alisomewa maneno haya: "Ng'ambo hakuna kitu. Rudi."

Jumamosi moja mchezaji alikuwa mvulana wa Kidato cha Pili. Alicheza vizuri mno, akampata ndege, akapata asali, akafika darajani. Akasema, "Vuka." Nikamsomea. Wenzetu wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema kwa upole, "Kaka, huko ng'ambo ndiko kwetu."

Nilinyamaza. Kusini ya mto ni Wilaya ya Serengeti, na mama yake anaishi huko. Mimi sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa sijafika tu. Lakini wilaya yetu imepata kuona ugomvi wa koo kwa ajili ya mipaka ya ardhi, na kila mmoja wetu anajua neno "hakuna kitu" linavyouma likisemwa juu ya kwao. Nilikuwa nimeliandika kwa wino, nikamsomea mwenyeji mbele ya watu.

Usiku ule nikamkumbuka Don Woods. Yeye aliomba ruhusa ya kuongeza. Mimi ilinipasa kuomba niongezewe. Kesho yake nikampelekea yule kijana daftari bwenini kwake. Alikaa nalo majuma mawili. Liliporudi lilikuwa na mahali 9 zaidi: boma la bibi yake, kisima, mashamba ya mtama na ulezi, njia ya Mugumu, na ngome ya Ikoma iliyojengwa na Wajerumani. Mahali pamoja, pa mteremko wa mawe, palikuwa na njia ya kushuka bila ya kupanda. Nilidhani amekosea. Akasema, "Sijakosea, kaka. Ng'ombe wanashuka pale, lakini kurudi sharti uzunguke kisimani." Hayo ni maarifa ambayo nisingeyapata katika kitabu chochote.

Muhula huu tumeanza kulihamisha daftari katika kompyuta kwa lugha ya Python. Kazi si ngumu kama nilivyoogopa. Kompyuta haijui mlima wala mto. Inajua kwamba kusini ya 5 ni 6, na kwamba orodha ina tochi au haina. Jedwali likiwa sahihi katika karatasi, litakuwa sahihi katika mashine. Likiwa na kosa, mashine italirudia kosa hilo mara elfu bila ya kuona haya. Kwa hiyo nawashauri wanaotaka kuanza wasikimbilie kompyuta. Waanze na kalamu, na wampe mtu mwingine acheze mapema, hasa mtu wa upande wasioujua.

Sisi wa Kidato cha Nne twafanya mtihani wa taifa mwezi wa Novemba, kisha tutaondoka. Daftari litabaki kwa yule kijana. Lina mahali 23 na kurasa nyingi bado nyeupe. Ukurasa wa daraja nimeukata mstari na kuuandika upya: "Umefika darajani. Ng'ambo kuna moshi wa jikoni. Kusini, nenda 15." Yeyote ambaye kwao hapamo, na amwendee aombe nafasi. Ataipata.