Taa kali za pikipiki na macho ya mwenzako

Je, msomaji, wewe ni mmoja wa wale wanaong'oa balbu ya pikipiki na kutia taa ya zenoni ili waone mbali usiku? Nakuelewa, barabara zetu nyingi ni giza totoro. Lakini fikiria macho ya anayekuja mbele yako.

Balbu ya halojeni ina uzi mdogo, na kioo kilicho nyuma yake kimetengenezwa kuuelekeza mwanga wa uzi huo chini, barabarani. Zenoni haina uzi. Ikitiwa humo, mwanga wake, ambao ni mkali mara mbili au zaidi, hutawanyika na kumpiga mwenzako usoni. Akishakupita, haoni vyema kwa sekunde kadhaa. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, sekunde 3 ni mita 50 za upofu, na huenda hapo kuna mtu anavuka. Sisi tuliopita miaka 40 huchelewa zaidi kurudiwa na nuru; mwenye mtoto wa jicho ndiye taabani kabisa.

Tena, kifaa cha kuiwasha zenoni hutoa maelfu ya volti. Usikiguse taa ikiwaka.

Pangusa kioo, nunua balbu mpya ya aina ile ile, kisha fundi airekebishe taa ukiwa umepakia abiria, kwani uzito wa nyuma huinua mwanga.