Mashine ya kuosha vyombo isipotoa maji: Fuata njia ya maji kabla ya kununua pampu

MASHINE ya kuosha vyombo imemaliza kazi yake, mlango unafunguliwa, na sahani zinakutwa zimesimama juu ya dimbwi la maji machafu yenye mafuta. Katika nyumba nyingi zenye kifaa hicho, hitimisho la kwanza huwa kwamba mashine imekufa, na hatua inayofuata ni kuuliza bei ya pampu mpya.

Hata hivyo, mara nyingi mashine hiyo haijafa, bali imeziba. Kuna mahali fulani, kati ya sakafu ya mashine na shimo la maji taka lililo nje ya nyumba, ambapo maji yamezuiwa. Mwenye nyumba anayeifuata njia hiyo hatua kwa hatua anaweza kuondoa tatizo kwa bisibisi, ndoo na tambara, bila kununua kipuri chochote.

Jambo hili lina uzito wake katika mikoa ya Shinyanga na Geita. Mgodi wa dhahabu wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, ule wa Bulyanhulu mwaka 2001, na ule wa Buzwagi mjini Kahama ulifanya kazi kuanzia mwaka 2009 hadi 2021. Shughuli hizo zilileta hoteli, kambi za wafanyakazi na nyumba za kupanga zenye vifaa vya kisasa vya jikoni. Mashine ya kuosha vyombo ingali kifaa cha wachache, na kwa sababu hiyo fundi anayeifahamu vizuri pamoja na vipuri vyake si vitu vinavyopatikana katika kila mtaa. Kosa la kubadilisha pampu nzima ilhali chujio ndilo lililoziba humgharimu mwenye nyumba fedha na muda mwingi.

Jinsi maji yanavyotoka

Mashine hiyo haisugui vyombo. Tangu Josephine Cochrane wa Marekani alipopata hataza ya mashine yake mwaka 1886, kanuni imebaki ileile, yaani kurusha maji kwa nguvu juu ya vyombo vilivyopangwa ndani ya kapu. Mashine nyingi za kisasa za nyumbani hutumia takriban lita 10 hadi 15 kwa mzunguko mzima, kwa sababu maji yaleyale machache huzungushwa mara nyingi kabla ya kumwagwa.

Kila yanapozunguka, maji hayo hupita katika chujio lililo sakafuni mwa mashine, ambalo hukamata mabaki ya chakula. Wakati wa kumwaga ukifika, pampu ndogo huyasukuma kupitia mpira wa kutolea maji hadi kwenye bomba la sinki. Kutoka hapo huenda kwenye chemba iliyo nje, na hatimaye katika shimo la maji taka.

Ikumbukwe kwamba maji kidogo yanayobaki katika kishimo cha chujio si ubovu. Maji hayo husaidia kuzuia mipira ya ndani isikauke na kupasuka. Tatizo lipo pale maji yanapofunika sakafu yote ya mashine au yanapotoa harufu mbaya.

Kwa nini mashine huziba

Chanzo cha kwanza ni chakula chenyewe. Ukoko wa ugali ukilowa huvimba na kuwa mfano wa gundi. Punje za wali, miiba ya sato, vichwa vya dagaa na vipande vya michembe huingia katika chujio na kukaa humo. Mbegu za limau, vijiti vya meno, karatasi za nembo za chupa na vipande vya glasi iliyovunjika ni hatari zaidi, kwa kuwa vinaweza kulipita chujio lililofungwa vibaya na kulikwamisha pangaboi dogo la pampu.

Chanzo cha pili ni mafuta. Mafuta ya kupikia huyeyuka katika maji ya moto ndani ya mashine, lakini hupoa na kuganda yanapofika katika mpira na bomba. Baada ya miezi kadhaa, njia iliyokuwa na upana wa kidole gumba hubaki tundu dogo.

Chanzo cha tatu ni aina ya maji. Mwaka 2009 ulizinduliwa mradi mkubwa unaoyachukua maji ya Ziwa Victoria katika eneo la Ihelele, wilayani Misungwi, na kuyafikisha katika miji ya Kahama na Shinyanga. Maji ya ziwa hilo ni laini, yaani yana madini machache, hivyo hayaachi chokaa nyingi. Hali ni tofauti kwa wanaotumia visima virefu, kwani maji ya ardhini mara nyingi huwa na madini mengi zaidi. Dalili yake ni utando mweupe unaobaki ndani ya birika la umeme. Utando kama huo hujijenga pia ndani ya pampu na mpira wa mashine.

Vilevile, umeme ukikatika katikati ya mzunguko, maji hubaki ndani. Hilo si kuziba. Umeme ukirejea, baadhi ya mashine huendelea zenyewe na nyingine huhitaji kuwashwa upya. Kwa hiyo, kabla ya kufungua kitu chochote, ni busara kuiwasha kwanza programu ya kumwaga maji na kusubiri dakika chache.

Hatua ya kwanza: Zima umeme

Maji na umeme havipatani. Plagi ichomolewe kutoka kwenye soketi, na kama haifikiki, umeme wa mashine hiyo uzimwe kwenye swichi kuu. Kisha bomba la kuingiza maji lifungwe. Maji yaliyotuama yatekwe kwa kikombe na kumaliziwa kwa tambara. Glavu za mpira zinahitajika, kwa sababu huenda kuna vipande vya glasi visivyoonekana katika maji machafu.

Hatua ya pili: Chujio

Kapu la chini hutolewa, kisha chujio huzungushwa na kuinuliwa. Katika mashine nyingi kuna sehemu mbili, moja ikiwa mfano wa kikombe chenye matundu na nyingine ikiwa sahani ya waya mwembamba. Zote zioshwe kwa maji ya moto, sabuni ya maji na mswaki wa zamani. Brashi ya chuma isitumike, kwani hutoboa waya na kuruhusu uchafu kupita hadi kwenye pampu.

Wakati wa kurudisha, chujio lifungwe mpaka likaze. Chujio lililolegea ni baya karibu sawa na kutokuwa nalo kabisa.

Hatua ya tatu: Pangaboi la pampu

Chini ya chujio, mashine nyingi zina kifuniko kidogo kinachotoka kwa kuvutwa au kwa kulegeza skrubu moja. Ndani yake ndimo lilimo pangaboi la pampu. Huku umeme ukiwa bado umezimwa, lizungushwe polepole kwa kijiti. Linapaswa kuzunguka, hata kama ni kwa kushtuka-shtuka kidogo. Likiwa limekwama, mwiba, mbegu au kipande cha glasi kitolewe kwa koleo na si kwa vidole.

Hatua ya nne: Jaribio la ndoo

Hili ndilo jaribio linaloamua kama kosa ni la mashine au la nyumba. Mpira wa kutolea maji ufunguliwe pale unapoungana na bomba la sinki, kisha ncha yake iwekwe katika ndoo ya lita 20 iliyoinuliwa karibu na kimo cha sinki. Maji safi lita mbili au tatu yamiminwe ndani ya mashine, sakafu ikaushwe, umeme urudishwe na programu ya kumwaga maji iwashwe.

Maji yakitoka kwa nguvu, mashine ni nzima na kizuizi kipo katika mabomba ya nyumba. Pampu ikinguruma bila maji kutoka, mpira umeziba au umejikunja, au pangaboi bado limekwama. Kukiwa na ukimya kabisa, huenda tatizo ni la umeme au pampu imeungua, na hapo ndipo fundi anapohitajika.

Mpira ulioziba hutolewa, hupelekwa nje na kusafishwa kwa maji ya moto yenye sabuni yanayopitishwa kwa nguvu. Aidha, ni lazima kuhakikisha kuwa mashine iliporudishwa ukutani haikuukandamiza mpira huo. Sehemu ya mpira inapaswa kupanda juu, karibu na usawa wa sinki, kabla ya kushuka kwenye bomba. Ukilala chini moja kwa moja, maji machafu ya sinki yanaweza kurudi ndani ya mashine.

Hatua ya tano: Sinki, chemba na shimo

Hapa ndipo wengi husahau kutazama. Mashine husukuma maji tu, haiamui yanakokwenda. Sehemu iliyopinda chini ya sinki hukusanya mafuta na mabaki ya chakula, nayo inaweza kufunguliwa kwa mkono baada ya kuweka ndoo chini yake.

Kama sinki lenyewe linachelewa kumeza maji, mfuniko wa chemba ya nje ufunguliwe. Chemba ikiwa imejaa, basi bomba la kuelekea shimoni limeziba au shimo lenyewe limejaa. Nyumba nyingi za Shinyanga, Kahama na Geita hutegemea mashimo hayo, na wakati wa masika ardhi iliyolowa hunyonya maji kidogo. Katika hali hiyo hata pampu mpya haitasaidia kitu. Kinachohitajika ni gari la kunyonya maji taka. Mfuniko usiachwe wazi, kwani mtoto anaweza kutumbukia.

Jiko la hoteli au bwalo la chakula lina jukumu la ziada. Maji yake yanapaswa kupita katika mtego wa mafuta kabla ya kufika shimoni, na mtego huo husafishwa kwa ratiba, si kwa kusubiri uzibe. Mashine kubwa za mabwalo pia zina beseni la maji linalopaswa kumwagwa na kusafishwa kila siku ya kazi.

Usafi baada ya kuzibua

Maji yakishatoka, harufu na utando wa mafuta huondolewa kwa siki. Kikombe kimoja cha siki nyeupe huwekwa katika kapu la juu, na mashine huendeshwa ikiwa tupu kwa maji ya moto kuliko yote. Hili lisifanywe kila siku, kwa sababu asidi ya siki inaweza kudhoofisha mipira ya mlango.

Siki isichanganywe kamwe na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu inayodhuru mapafu. Kostiki soda nayo isimiminwe ndani ya mashine. Huunguza ngozi na macho na inaweza kuharibu sehemu za alumini.

Wanaotumia maji ya kisima wajaze chumvi maalumu katika kisanduku chake, kama mashine inacho. Chumvi ya kupikia haifai, kwa kuwa huwa na viungo vingine vinavyoweza kuziba kifaa cha kulainisha maji.

Onyo jingine linazihusu familia za wachimbaji wadogo. Karai, kikombe au kijiko kilichotumika kushika zebaki kisiwekwe kamwe katika mashine, wala kisirudi jikoni kwa matumizi ya chakula. Zebaki hugeuka mvuke inapopashwa moto, na mvuke huo hudhuru ubongo na figo.

Kinga ni nyepesi kuliko tiba

Sahani zikwanguliwe mabaki kabla ya kupangwa. Hakuna haja ya kuziosha kwanza, inatosha ukoko, miiba na mifupa kutupwa. Mafuta yaliyobaki katika kikaango yapanguswe kwa karatasi badala ya kumwagwa katika sinki.

Chujio lioshwe mara moja kwa wiki katika nyumba yenye watu wengi, na mara mbili kwa mwezi kwa wanaotumia mashine kwa nadra. Mpira na sehemu iliyopinda ya sinki vikaguliwe kila baada ya miezi mitatu, na chemba itazamwe kabla ya mvua kuanza. Mashine isiyotumika kwa wiki kadhaa, kama nyumba za wafanyakazi walio likizo, iachwe ikiwa safi na mlango ukiwa umefunguliwa kidogo ili isifanye ukungu.

Fundi aitwe pale pampu inapokuwa kimya baada ya jaribio la ndoo, swichi kuu inapojizima kila mashine inapowashwa, maji yanapovuja chini yake, au mtu anapopigwa shoti anapogusa mlango. Katika hali hizo mashine isiwashwe tena hadi ikaguliwe. Mwenye nyumba amweleze fundi huyo alichokwisha kukagua na matokeo ya jaribio la ndoo. Maelezo hayo humpunguzia fundi kazi ya kubahatisha, na mwenye nyumba hatalipia pampu ambayo haikuwa mbovu.