Umeongeza gia ya mlima? Pima cheni upya

Ile baiskeli ya mbio ya mtumba, fremu ya chuma na hendobaa zilizojikunja kama pembe za kondoo dume, masee wengi Nairobi wanainunua kwa sababu moja tu: nauli. Ukiwa Industrial Area mambo ni shwari. Ngori inaanza ukishika njia ya Limuru. Katikati ya jiji ni karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Limuru ni zaidi ya 2,000. Aliyeiunda baiskeli hiyo hakuijua Limuru. (Chris Froome, mshindi wa Tour de France mara 4, alifanya mazoezi pande za Kikuyu chini ya David Kinjah. Sisi tunaenda kazini tu.)

Nyingi za miaka ya 1980 zina sproketi mbili mbele, meno 52 na 42, na nyuma friwili ambayo sproketi yake kubwa ina meno 21 au 24. Piga hesabu: 42 gawanya kwa 24 ni 1.75. Mzunguko wa gurudumu ni mita 2.1 hivi, kwa hivyo kila ukizungusha pedali mara moja unasonga karibu mita 3.7. Kwa mlima hiyo ni adhabu. Weka friwili inayofika meno 28, na pedali moja inakusongeza mita 3.15. Magoti yanapumua.

Hapo ndipo watu hukosea. Friwili inabadilishwa, cheni inarudishwa ileile. Lakini kila meno 4 unayoongeza kwenye sproketi kubwa yanakula karibu inchi 1 ya cheni. Ukitoka 21 hadi 28 unahitaji karibu inchi 2 zaidi, na hazitoki hewani.

Jamaa mmoja wa mtaani kwetu alifungiwa friwili kubwa na cheni ya zamani. Siku ya tatu, akipanda mlima, akavuta wenzo wa gia hadi mwisho ilhali mbele bado yuko kwenye 52. Cheni ikakaza kama kamba ya kuanika nguo. Kile kifaa cha nyuma chenye vigurudumu viwili, mafundi wengine hukiita mkono wa gia, kikang'oka na kuingia kwenye spoku. Gurudumu likakwama papo hapo, na matatu iko nyuma yake. Dereva alikwepa. Baiskeli ikabaki chuma chakavu, na jamaa akarudi kulipa nauli.

Kupima ni rahisi, na fundi akikwambia anakadiria kwa macho, simama hapo umwangalie. Zungusha cheni kwenye sproketi kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma, bila kuipitisha kwenye mkono wa gia. Vuta ncha zikutane mahali pa karibu zaidi zinapoweza kuunganika. Ongeza inchi 1, yaani viungo viwili, kisha kata. Kwa mfano, ukiwa na 52 mbele, 28 nyuma, na sentimita 41 kutoka katikati ya pedali hadi ekseli ya nyuma, utafika kama inchi 54, viungo 108. Cheni mpya nyingi huja na 114 au 116, kwa hivyo lazima ukate.

Ukihamia ndogo kwa ndogo na cheni ininginie, usiogope. Cheni ndefu inakera na kupiga kelele. Cheni fupi inavunja. Kati ya hizo mbili mimi nachagua kelele kila siku.

Kuna mipaka lakini. Mkono wa gia mfupi wa zamani mara nyingi huishia kwenye sproketi ya meno kati ya 24 na 28. Ukipita hapo kigurudumu cha juu kinasugua friwili. Pia una uwezo wake wa kula cheni inayolegea. Toa ndogo ya mbele kwa kubwa ya mbele, fanya hivyo nyuma, jumlisha. 52 na 42 pamoja na 14 hadi 28 inakupa 10 na 14, jumla 24. Mikono mingi ya zamani inamudu. Ukitaka 32 nyuma, tafuta mkono mrefu, sanasana ule wa baiskeli ya milimani.

Cheni ya gia 8 inafaa friwili za gia 6 na 7 pia, kwa hivyo usilipishwe zaidi kwa jina. Kabla ya kununua, pima viungo 24 vya ile ya zamani kwa rula: ikiwa mpya ni inchi 12 kamili. Ikizidi kwa moja ya nane ya inchi, friwili nayo imekwisha, na cheni mpya itaruka meno ukisimama kwenye pedali.

Na vile viungo ulivyokata usivitupe. Vifungie ndani ya mfuko wa tandiko. Siku cheni ikikatika mbali na fundi, ndivyo vya kuungia.