Saba Isiyo Namba (Sehemu ya Pili)

Katika soko la Lhubiriha, pale Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo, karibu na Bwera, "saba" ina kazi mbili. Mchuuzi aliyevuka mto kutoka Kasindi na Kiswahili chake cha Kongo anataja bei: elfu saba. Mkonzo, mwenyeji wa hapa anayenunua kwake, naye ana saba yake ya nyumbani, erisaba, yaani kuomba. Jumapili kanisani ndiyo hiyo hiyo ya kusali.

Ya Mkonzo ni ya Kibantu hasa. Waganda na Watooro husema okusaba, Wanyarwanda gusaba, na kote huko mtu huomba, iwe chumvi ya Katwe kwa jirani au mvua kwa Mungu. Ya mchuuzi ni ya Kiarabu. Ilifika pwani pamoja na sita na tisa, ikapanda hadi Kongo kwa misafara ya biashara. Nane, ajabu, haikuguswa. Kenda bado wanayo wazee na washairi. Na fungate, iliyokuwa na maana ya saba, imewabakia maharusi peke yao.

Katika wilaya hii ya Kasese kuna Wasabato wengi, na hapo ndipo mtego ulipo. Wanapumzika siku ya saba. Basi Sabato si imetokana na saba? La. Wataalamu wengi wa Kiebrania huirudisha kwenye kitenzi cha kuacha kazi, shavat. Saba kwao ni sheva, na mzizi wake hauna ile "t" ya shavat. Mwishoni kuna ayin, herufi ya kooni. Sheva hiyo ni ndugu wa damu wa sab'a ya Waarabu. Kwa hiyo bei ya mchuuzi ina undugu na Kiebrania, ila si na Sabato!

Hata Kiarabu kina nyingine. Sura ya 34 ya Kurani inaitwa Saba, kwa jina la ufalme wa kale wa Yemen, ule wa Malkia wa Sheba. Jina hilo huishia kwa hamza, si kwa ayin. Mswahili amezifuta zote mbili, akabaki na neno moja.

Japani nako saba ni samaki. Hakuna aliyemwazima mwenzake: Kijapani, kama lugha za Kibantu, hupenda silabi inayoishia kwa irabu, na sauti zenyewe ni chache na nyepesi, kwa hiyo lazima maneno yagongane.

Toleo lijalo ni zamu ya "sana", ambayo kwa Wafini maana yake ni "neno".