Maziwa ya Mti Yaliyomo Nyumbani Mwetu

Idd iliyopita tulialikwa kwa jamaa zetu Kilimani, Nairobi. Baada ya biriani watoto wakashughulika kupuliza maputo. Mara binti wa miaka saba akamjia mamake midomo imevimba, huku akijikuna shingo. Sote tukadhani ni chakula. Hospitalini daktari akauliza swali ambalo hatukulitarajia: "Leo ameshika kitu gani cha mpira?" Tangu siku hiyo tunautazama mpira kwa jicho jingine, nasi tumeona si vyema kukaa na elimu hii peke yetu.

Mpira wa asili ni utomvu mweupe kama tui, utokao kwenye gome la mti ambao asili yake ni misitu ya Amazon. Mwaka 1876 Mwingereza Henry Wickham alipeleka mbegu zake London, na miche iliyootea huko ikasafirishwa hadi Asia, ambako mpira mwingi wa dunia hulimwa hadi leo. Nasi watu wa Pwani si wageni wa jambo hili. Karne ya 19 utomvu wa mimea itambaayo ya msituni ulikusanywa na kuuzwa Zanzibar, na hata leo wako akina mama wanaopika kisamvu cha mpira, majani ya mti ulio nduguye muhogo.

Mkulima huchanja gome kwa kisu, kama mgema akatavyo karara la mnazi, na utomvu hudondoka kikombeni. Takriban theluthi moja ndiyo mpira. Kilichobaki, sehemu kubwa ni maji. Hutiwa amonia usigande, hupunguzwa maji kwa mashine, kisha huchanganywa na salfa. Kalibu za kauri zenye umbo la mkono huchovywa humo, zikaokwa na kuoshwa kwa maji ya moto. Hapo glavu imepatikana. Maputo nayo hutengenezwa kwa kuchovya vivyo hivyo.

Kule kuoshwa kuna sababu. Utomvu una protini za mti, nazo ndizo zinazowaletea baadhi ya watu mzio, yaani aleji. Glavu isiyooshwa vyema hubaki na protini nyingi, na ikiwa imetiwa unga, protini hushikamana na unga huo na kuruka hewani. Hii ni miongoni mwa sababu zilizoifanya Marekani kupiga marufuku glavu za kitabibu zenye unga mwaka 2017.

Lakini si kila mpira una hatari sawa. Mafundi wa Kariokor, karibu na katikati ya jiji, hukata akala kutoka matairi makuukuu, na ni nadra mpira mgumu wa namna hiyo kuleta mzio huu. Wa kuangaliwa zaidi ni ule laini unaonyumbuka: maputo, glavu, na baadhi ya chuchu za chupa za watoto.

Basi tufanye nini? Anayewashwa au kuvimba baada ya kugusa mpira laini auepuke na amwone daktari. Amweleze pia kabla ya kung'olewa jino, kupasuliwa au kujifungua, kwani huko glavu haziepukiki. Ziko za nitraili, zisizo na utomvu huu. Watoto waliozaliwa na mgongo wazi wamo hatarini zaidi, kwa kuwa hufanyiwa upasuaji mara nyingi. Wenye mzio huu huenda pia wakadhuriwa na ndizi au parachichi. Na dada zetu wanaoosha maiti, ambao huvaa glavu kwa muda mrefu, wasipuuze mikono inayowasha wakidhani ni sabuni tu.

Pumzi ikibana au mtu akiona kizunguzungu, msingoje. Mpelekeni hospitali saa ile ile.

Binti yetu yu mzima, alhamdulillahi. Idd ijayo nyumba ile ya Kilimani itapambwa kwa karatasi za rangi, na yeye mwenyewe ameshaanza kuzikata.